Fonti Mgeni na Msafara Wake

Jumatano, 5 Machi 2025

Fonti ya kijana mmoja anayejifunza kuchora fonti imefika kwa WhatsApp, faili moja la TTF. Anataka itumike kwenye kitabu cha watoto, nami sipangi kurasa kwa fonti ambayo haijapimwa. Nimesubiri futari iishe, nikawasha bando la usiku nisakinishe fontbakery, programu ya kupima fonti:

pip install fontbakery

Ubuntu 24.04 imegoma: externally-managed-environment. Ina haki. Python ya mfumo inategemewa na programu nyingine, haifai kuchezewa na kila apitaye. Nimempa mgeni chumba chake:

python3 -m venv ~/pima-fonti
~/pima-fonti/bin/pip install fontbakery

Nimemwalika mmoja, ameingia na msafara: fontTools, rich, PyYAML, na wengine ambao hata majina yao siyajui. Bando limeisha nusu.

Alhamisi, 6 Machi

~/pima-fonti/bin/fontbakery check-universal --html ripoti.html fonti.ttf

PASS nyingi, WARN kadhaa. FAIL iliyonivutia: nafasi ya kawaida na nafasi isiyokatika zina upana tofauti. Kwa macho huioni. Ila ukipanga “uk. 14” kwa nafasi isiyokatika ili namba isidondokee mstari wa chini, pengo lake halifanani na mengine, na mhariri atadhani ni mimi.

Kijana ameandika: “Shikamoo dada, mashine imesemaje?” Nimemtumia ripoti nzima. Aisome mwenyewe, ndiyo shule.

Jumamosi, 8 Machi

Jambo ambalo ripoti haikuligusa: ng’. Kitabu kina ng’ombe karibu kila ukurasa. Nimeiweka fonti kwenye ~/.local/share/fonts, nikaamuru fc-list :lang=sw, nayo ikajitokeza kwenye orodha. Hilo halinitulizi. Kwa fontconfig, fonti ikiwa na A hadi Z, kubwa na ndogo, basi inajua Kiswahili. Alama ya ng’ haimo hata kwenye hesabu. Bora nilichore neno lenyewe kwa hb-view, nilitazame kwa macho:

sudo apt install libharfbuzz-bin
hb-view --font-size=200 --output-file=ng.png fonti.ttf "ng’ombe"

Kwa ukubwa huo hakuna kificho. g yake ina kisikio upande wa kulia, juu, na alama imekikalia kabisa. Kwenye karatasi wino utaviunganisha viwe doa moja. Halafu baada ya alama kuna uwazi mpana, neno linasomeka kama mawili: ng’ ombe. Jozi mbili tu za kurekebisha, g na ’, kisha ’ na o. Mtoto anayejifunza kusoma ndiye angeumia.

Picha nimemtumia. Amejibu kwa emoji ya kulia.

Jumatatu, 10 Machi

Diski ya hii laptopu imejaa, wageni waondoke. Nimejaribu pip uninstall fontbakery ndani ya kile chumba kisha nikatazama pip list: aliyetajwa jina ameondoka, fontTools na wenzake wamekaa kimya. pip haina desturi ya kufagia msafara. Ndiyo faida ya chumba, unabomoa chote:

rm -r ~/pima-fonti

apt ina adabu zaidi:

sudo apt purge --autoremove libharfbuzz-bin

Inaondoka pamoja na waliokuja kwa ajili yake tu. Ila purge haigusi mafaili ya nyumbani kwangu, hivyo fonti yenyewe nimeifuta kwa mkono kule kwenye .local, nikamalizia na fc-cache -f. Nisingeifuta, toleo jipya likija LibreOffice ingeona mbili zenye jina moja, na nisingejua ipi imechapwa.

Kijana anasema jozi za ng’ ziko tayari, bado nafasi isiyokatika.