Sufuria, Mama

Sikumwambia mama nimenunua bunduki. Januari 2008, Kisumu, alitulaza sisi watoto sakafuni usiku kucha, risasi zikilia nje. Ningeanzia wapi?

Nilijitetea kwamba ni gobori tu: nakala ya bunduki fupi ya Enfield ya 1861, iliyoundwa Italia. Hata sheria ya kitaifa ya Marekani, ile ya 1968, haiihesabu kuwa bunduki. Niliinunua hapa Pennsylvania kwa mzee jirani ambaye mikono imeanza kumtetemeka. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia risasi, unaweka fataki. Mlio mmoja, moshi mweupe, harufu ya mayai viza.

Mzee alinipa sharti moja: ioshe siku hiyo hiyo. Masizi ya baruti hunyonya unyevu wa hewani, yakala chuma. Mara ya kwanza nilirudi nimechoka, nikasema wacha, kesho. Kesho ikawa Jumatano. Kitambaa kikatoka na kutu. Mzee alimulika tochi ndani ya mtutu, akanyamaza. Makovu hayo hayatoki.

Siku hizi silali kabla ya kuiosha: maji moto, sabuni, kitambaa kwenye ufito, naikausha, kisha mafuta.

Jumapili mama alipiga simu, kwao kunapambazuka.

"Unaosha nini saa hizi?"

"Sufuria, mama."

"Sufuria gani hiyo haiishi?"

Nikacheka. Maji bado yalikuwa meusi.