Jumamosi za Ukili na Viraka

Watu wa rika langu wakitaja mashuka ya viraka huyataja pamoja na foleni za sukari na unga wa yanga, kana kwamba yote ni dhiki ileile. Dhiki ilikuwepo, sikatai. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 maduka ya Handeni yalibaki rafu tupu. Doti za kanga zikifika duka la ushirika, watu walijipanga kabla jogoo hajawika. Lakini mimi niliyaona mashuka yale yakishonwa, mwezi baada ya mwezi, na kinachonijia kwanza nikiyakumbuka ni jinsi akina mama wale walivyokuwa wagumu kuridhika.

Walikuwa akina mama wa Chanika, Handeni mjini, na wenzao wa Manundu, Korogwe. Walifahamiana kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima na mikutano ya Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT) katika miaka ya sabini. Walikutana Jumamosi moja kila mwezi, mara nyingi Korogwe. Jumapili haikufaa, maana magari binafsi yalikatazwa kutembea alasiri ili kuokoa mafuta, nasi wa Handeni tulitegemea lifti. Ni kilomita 65 hivi, na wakati ule barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, na masika ikawa tope. Mama alinichukua kwa sababu wazee walihitaji macho ya mtoto ya kutia uzi kwenye tundu la sindano.

Asubuhi ilikuwa ya mikeka. Mkindu hupenda majimaji, na Korogwe wana Mto Pangani, wakati Handeni mvua zenyewe ni za kubahatisha. Kwa hiyo wenyeji walileta miyaa iliyokwisha kuanikwa na kutiwa rangi, sisi tukaja na unga na mbaazi. Kila mama alisuka ukili kwake mwezi mzima, akaja nao umeviringishwa, ukapimwa kwa pima. Hapo ndipo kazi ya kukutana ilipoonekana. Kuna mwenye mkono wa kukaza na mwenye mkono wa kulegeza, na ukili wa mikono miwili isiyolingana ukiunganishwa, mkeka huvimba katikati na hautandiki hata ukiulazimisha. Bibi mmoja wa Manundu alikuwa na kipaji cha kulinganisha mikono. Alipitisha kidole gumba juu ya ukili, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huu uende na wa mama wa Chanika." Hawakubishana naye. Wawili waliopangwa waliketi wakitazamana, kila mmoja na shazia yake, wakashona kuanzia ncha mbili hadi wakutane.

Mikeka mikubwa kuliko yote haikuuzwa. Ilikuwa ya chama, ya misibani. Mwanachama akifiwa, mikeka ilitangulia kufika kabla ya sufuria, na baada ya matanga ilirudishwa ikiwa imeoshwa.

Baada ya chakula ndipo viraka vikamwagwa. Vipande viliombwa kwa mafundi cherehani: kaki ya sare za shule, vitenge, kaniki, marekani ya magunia ya unga iliyochemshwa mpaka maandishi yakafifia. Kanga zilizochakaa zilikatwa sehemu zilizobaki nzima, na yale maneno yake yakakatika nayo, hivyo shuka moja lingeweza kuwa na nusu ya kejeli pembeni mwa nusu ya dua. Akina mama walizisoma nusu hizo kwa sauti na kuzimalizia kila mtu kwa namna yake. Mengine hayakufaa masikio yangu, nikatumwa maji.

Nilijifunza mengi pale ambayo sijayasahau. Kaki mpya lazima ifuliwe kwanza, la sivyo itajikunja baadaye na kuvuta majirani zake. Kitambaa kilicholainika kwa uzee hakishonwi moja kwa moja na kigumu, kwa kuwa kitachanika pembeni mwa mshono. Hutafutiwa kipande cha kati cha kuwapatanisha. Kipande kilichokatwa mshazari hutanuka. Kazi ikikamilika ilipelekwa mbele ya wakubwa, na agizo lilikuwa lilelile.

"Shikamoo, shangazi. Nimemaliza."

"Marahaba, mwanangu. Hebu geuza."

Walikagua upande wa nyuma kwanza. Fundo likionekana, au uzi umeruka kutoka kona hadi kona kwa uvivu, shuka lilirudi kwa mwenyewe. Hakutukanwa. Aliambiwa tu, "Bado." Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba viraka vilikuwa umaskini mtupu. Uhaba uliamua tushone kwa vitambaa gani. Kwamba nyekundu ya kanga ikae mbali na kijani cha kitenge, kwamba kaniki izungushwe pembeni ili jicho lipate pa kupumzika, hayo yaliamuliwa na wao, wakibishana mpaka jua linaelekea kuzama.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na muda si muda mitumba ikajaa minadani. Mashuka yakapatikana, laini na ya bei nafuu. Wengine waliacha kuja. Wakati huohuo mfanyabiashara mmoja kutoka Tanga aliona shuka la viraka likianikwa Manundu, akaja kikaoni kuagiza ishirini, yote ya mpango mmoja na rangi moja.

Bibi wa ukili alimuuliza, "Hilo ulilolipenda, ulilipendea nini?"

Akasema hajawahi kuona jingine kama lile.

"Basi hata sisi hatujawahi," bibi akamjibu. "Njoo baada ya miezi miwili. Kila mmoja atashona lake, nawe utachagua."

Alirudi kweli. Alichukua tisa, akalipa taslimu, fedha ikaingia kwenye upatu. La mama lilibaki. Alilirudisha Handeni bila kinyongo, akafumua kona moja ambayo ilikuwa ikimkera hata kabla mteja hajaiona, akaishona upya, na nilipokwenda sekondari ya bweni 1986 akanifungia kwenye sanduku.