Ufa wa Bafuni na Dari ya Jirani

Katika mambo ya nyumba ambayo aghalabu hayapewi uzito ni ule ufa mwembamba utokeao baina ya vigae vya bafuni. Mtu huuona kila siku atiapo udhu, akasema, "Ni ufa tu," akapita. Wahenga wametwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya kweli. Walakini kwa sisi tukaao nyumba za ghorofa yafaa tuulize pia: ukuta huo utakuwa ni wa nani?

Mwaka jana tulihamia ghorofa ya juu ya nyumba kongwe katika Mji Mkongwe wa Unguja, mji uliotiwa mwaka 2000 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Maji yakipenya sakafuni huenda kwenye boriti, na boriti ikikaa na unyevu huoza taratibu, hali alalaye chini yake hana habari.

Chini yetu anakaa bibi mmoja mjane. Hatujatimiza mwezi, alimtuma mjukuu wake atusalimie na kutuuliza, kwa adabu, kama tulimwaga maji. Tuliposhuka tulikuta waa kubwa darini, na kitanda chake kimesogezwa hadi karibu na mlango. Tukamwuliza tangu lini. Akajibu, "Tangu wakati wa wale waliotangulia, wanangu. Wao niliwaambia, wakapaka juu juu. Nyinyi niliona haya kukuudhini."

Nyumbani tukashauriana. Kijana wetu akasema, "Baba, tununue saruji nyeupe tupake juu ya nyufa, kesho kazi imekwisha." Tukamwonyesha kwamba ndivyo walivyofanya wenzetu, na saruji yao ilikuwa ikibanduka kama maganda. Tukamwita fundi.

Fundi aligonga kila kigae kwa sarafu. Kilichoshika kilitoa sauti nzito. Kilichoachana na sakafu kilitoa sauti ya mtungi mtupu. Vigae vitatu vilikuwa hivyo, vikang'olewa. Chini yake chokaa ilikuwa imeloa, na boriti moja imeanza kuoza. Boriti ikabadilishwa, pakaachwa pakauke, kisha pakapakwa dawa ya kuzuia maji kabla ya vigae kurejeshwa. Kwani alitufahamisha kwamba saruji ya viungo peke yake haizuii maji yote. Kinga ya kweli ni ile iliyo chini ya kigae.

Viungo vilivyosalia alivichokoa, akatoa saruji ya zamani kiasi cha thuluthi mbili za unene wa kigae, akafagia vumbi na kulowesha kidogo. Saruji mpya aliichanganya kwa maji machache, ikawa kama uji mzito. Maji yakizidi, hunywea ikaukapo na kupasuka tena. Akaishindilia kwa kibao cha mpira akikipitisha mshazari, na baada ya muda mfupi akafuta kwa sifongo yenye unyevu. Pale ukuta ukutanapo na sakafu hakutia saruji bali silikoni, kwa kuwa pande mbili hizo husogea kila moja kwa mwendo wake, na kitu kigumu hakistahimili. Mwisho akatukataza kumwaga maji kwa siku tatu.

Kazi yote ilichukua majuma matatu, nasi tukawa twaenda kuoga kwa jamaa mtaa wa pili, watoto wakinung'unika njia nzima. Dari ya bibi tuliitengeneza kwa gharama yetu, tena kwa chokaa, kwani saruji hufungia unyevu ndani ya mawe ya kale. Wako waliotwambia kwamba deni lile lilikuwa la waliotangulia. Huenda ikawa hivyo. Lakini maji yaliyokuwa yakimdondokea bibi yalikuwa ni maji yetu, na haki ya jirani haingoji watu wamalize kuhesabiana. Leo kitanda chake kimerudi mahali pake.

Basi enyi vijana wetu, mkiona ufa bafuni msiufunike kwa kupaka juu juu. Gongeni vigae, chokoeni saruji iliyokufa, ndipo mtie mpya. Na akaaye juu asingoje kuletewa habari. Ashuke siku moja kumjulia hali jirani yake wa chini, na akiwa huko ainue macho atazame dari; kwani huenda mwenye nyumba ile anaona haya kusema.