Ufunguo wa Maktaba za Roma

Kwa muda mrefu vitabu mjini Roma vilikuwa mali ya matajiri, na aghalabu viliingia kama ngawira. Aemilius Paullus alipomshinda mfalme wa Makedonia mwaka 168 K.K., aliwapa wanawe vitabu vya mfalme huyo. Sulla naye alibeba maktaba nzima kutoka Athens. Asiyekuwa na jamaa au rafiki tajiri hakuwa na pa kusomea.

Julius Caesar alinuia kuubadilisha mtindo huo. Alimteua msomi Varro akusanye vitabu vya Kigiriki na vya Kilatini kwa ajili ya umma, lakini Caesar akauawa mwaka 44 K.K. kabla nia yake haijatimia. Aliyeitimiza ni Asinius Pollio, jemadari aliyekuwa pia mshairi na mwanahistoria. Baada ya vita vyake vya mwaka 39 K.K. dhidi ya Waparthini, alitumia ngawira kuanzisha maktaba ya kwanza ya umma mjini humo, katika Ukumbi wa Uhuru. Alizipanga humo sanamu za waandishi mashuhuri. Miongoni mwao, aliyekuwa angali hai ni Varro peke yake.

Augustus alifuata nyayo hizo. Mwaka 28 K.K. alizindua hekalu la Apollo katika kilima cha Palatino, akaliambatishia maktaba ya Kigiriki na ya Kilatini. Hata hivyo, ufunguo sasa ulikuwa mkononi mwa mtawala. Suetonius anaeleza kwamba Augustus alimwandikia Pompeius Macer, aliyekabidhiwa kazi ya kuzipanga maktaba, akimkataza kusambaza maandishi ya ujanani ya Julius Caesar.

Mwaka 8 B.K. mshairi Ovid naye alifukuzwa hadi Tomis, pwani ya Bahari Nyeusi. Akiwa huko alitunga shairi ambamo kitabu chake chenyewe ndicho kinachosimulia. Kinafika Palatino, mlinzi anakiamuru kiondoke; kinakwenda katika Ukumbi wa Uhuru, nako hakipokewi.

Je, maktaba inayokifukuza kitabu kwa kumhofu mtawala ni ya umma kweli? Wahenga walinena kuwa mwenye nguvu mpishe. Lakini maktaba zile leo ni magofu, ilhali tungo za Ovid zilinakiliwa kwa mkono karne baada ya karne, na zingali zinasomwa.