Maombi na Mswaki
Kuna mtoto mwenye mtindio wa ubongo tuliyemwombea wiki tatu. Alikataa chakula, akalia usiku kucha. Mimi nikakemea mapepo. Daktari wa meno alipomfungua kinywa, akaona jino limeoza. Mtoto hakuwa na maneno ya kutuambia. Nilitubu.

Yesu alimtenga yule kiziwi na umati, akamgusa ulimi (Marko 7:33).

Wewe unayemlea mtoto kama huyo, keti nyuma yake, kichwa kiegemee kifuani pako. Tumia mswaki mdogo laini na dawa kidogo yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Akikataa, pumzikeni, kisha ujaribu tena. Hiyo pia ni huduma madhabahuni.