Vitanda Vinne Hadi Kapiri Mposhi

Hirbadaw hatuna reli. Ukitaka kuona treni unapanda bodaboda hadi Katesh, halafu basi kupitia Singida mpaka Dodoma. Mimi ni mwandishi wa habari, nina miaka thelathini na kitu, na sijawahi kutoka nje ya nchi. Mwaka huu nikasema basi, nitatoka, tena kwa treni.

Mpango niliuandika kwenye daftari. SGR kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam. Siku moja ya kupumzika Dar, maana stesheni ya SGR iko katikati ya mji na ya TAZARA iko Barabara ya Nyerere, na foleni za Dar unazijua. Kisha TAZARA, kilomita 1,860 kupitia Mbeya na mpaka wa Tunduma hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Kutoka hapo Lusaka, halafu Livingstone kuyaona maporomoko. Nauli, kwacha za kubadilisha, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vyote nikapigia hesabu. Hesabu ya mtu mmoja.

Kosa langu ni kwamba niliisoma ile ratiba kwa sauti, baba akiwepo.

"Hiyo reli naijua," akasema.

Tulikua tukisikia kwamba ujanani aliwahi kufanya kazi kwa Wachina. Hatukuuliza zaidi. Usiku ule akasimulia. Mwaka 1972, akiwa na miaka kama ishirini, alipata kibarua upande wa Mlimba, kule milima inakoanza kupanda kwenda Makambako. Kazi yake ilikuwa kubeba mataruma ya zege. Kisha habari zikamfikia kwamba babu amefariki, akarudi Hanang kuangalia ng'ombe. Reli ikaendelea bila yeye mpaka Kapiri Mposhi, mwaka 1975. Hajawahi kuipanda hata siku moja.

"Mimi niliibeba," akasema. "Yenyewe haijanibeba."

Niliona aibu. Niliwahi kuandika makala nzima kuhusu TAZARA: walowezi wa Rhodesia walivyojitangazia uhuru mwaka 1965, shaba ya Zambia ilivyohitaji njia nyingine ya kufika baharini, mkataba na China wa mwaka 1967. Nyerere yumo, Kaunda yumo, Mao yumo. Mtu wa nyumbani kwetu hayumo.

Asubuhi akaniuliza, "Tunaondoka lini?"

Kusema ukweli, sikufurahi. Nilitaka safari yangu mwenyewe, ya kukaa dirishani bila kuulizwa kitu na mtu. Na baba ana magoti mabovu, hawezi kukaa kwenye kiti siku mbili. Lazima alale. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kwenye mabehewa ya kulala wanawake na wanaume hawachanganywi chumba kimoja, isipokuwa mkate chumba kizima. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne. Yaani ama nimwache baba alale na wageni, usiku akitaka kuteremka kwenda chooni nisijue, ama nilipie vitanda vinne kwa watu wawili.

Nililala na hesabu hiyo siku tatu. Siku ya nne nikafungua daftari, nikaikata Livingstone. Lusaka nayo ikawa usiku mmoja tu.

Kisha zikaanza karatasi. Baba hana cheti cha kuzaliwa, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho chake ni ya kukadiria. Tumeshakwenda Katesh mara mbili kwa ajili ya hati ya kiapo. Mara ya pili karani alimuuliza, mzee, Zambia unafuata nini? Baba akajibu kwamba kuna kazi aliiacha njiani, anataka kuona iliishia wapi. Karani akacheka. Mimi nikaangalia pembeni.

Tiketi bado hatujakata. Maporomoko bado nayataka, sitadanganya, na ninajua Kapiri Mposhi ni mji mdogo tu wa njia panda. Nimemwambia hivyo baba. Hakujali. Amenipa sharti moja tu.

"Tukifika Mlimba, hata kama ni usiku wa manane, niamshe."