Bamako: Mji Uliojitazama Katika Picha

Msafiri aingiaye Bamako, mji mkuu wa Mali, katika miezi ya Desemba na Januari hulikuta jua limefifia kama taa iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi. Huo ndio msimu wa harmattan, upepo mkavu uvumao kutoka jangwa la Sahara ukiwa umebeba vumbi laini. Vumbi hilo hupasua midomo, huingia katika vyombo vya maji, na hukifanya kila kilichofuliwa asubuhi kihitaji kufuliwa tena jioni. Akina mama wa nyumbani hawalipendi hata kidogo. Lakini wapiga picha huliona kwa jicho jingine. Nuru iliyopita katika vumbi hupoteza ukali wake, vivuli hulainika, na uso wa mtu huonekana wote, pasipo upande mmoja kuungua na upande wa pili kuzama gizani. Ifikapo Aprili mambo hugeuka. Jua husimama utosini, na mtu anayepigwa picha nje saa sita mchana hutoka akiwa na mashimo meusi mahali pa macho.

Mji umelala kandokando ya mto Niger, na jina lake, kama wenyeji waelezavyo kwa lugha ya Kibambara, lina maana ya mto wa mamba. Juu yake kuna kilima cha Koulouba, penye ikulu. Chini kuna soko kuu, stesheni ya reli iliyouunganisha mji huu na bandari ya Dakar, na mitaa yenye nyumba zilizozunguka ua. Mmojawapo wa mitaa hiyo huitwa Bamako-Coura, yaani Bamako Mpya. Hapo, jirani na gereza, Seydou Keïta alifungua studio yake ya picha mwaka 1948, wakati nchi ingali koloni la Wafaransa na ikiitwa Soudan Français. Isichanganywe na ile Sudan ya Khartoum.

Keïta alizaliwa mnamo 1921, wala hakukaa darasani. Alikuwa seremala, akitengeneza samani pamoja na jamaa zake. Mwaka 1935 mjomba wake alirejea kutoka Senegal akiwa na kamera ndogo aina ya Kodak Brownie, akampa kijana huyo. Picha zake za kwanza, kama alivyosimulia baadaye bila kuona haya, zilikuwa za watu waliotikisika na wengine waliokosa vichwa. Hakukata tamaa. Alijifunza kusafisha filamu na kuchapa picha kwa mafundi waliomtangulia, na vifaa alivinunua katika duka la Mfaransa aitwaye Pierre Garnier. Tangu hapo hadi mwanzo wa miaka ya 1960, mkaaji wa Bamako aliyetaka kuonekana ni mtu alikwenda kwa Keïta. Mhuri wake nyuma ya picha ulitaja jina na mtaa, na ukamwelekeza mteja mahali penyewe: mkabala wa gereza.

Wateja walikuwa wa kila namna: makarani, wafanya biashara, askari, mama wajawazito, wasafiri walioteremka garimoshi na kutaka kupeleka picha nyumbani kabla mzigo haujafunguliwa. Siku za Jumamosi foleni ilikuwa ndefu. Keïta alikuwa na suti za Kizungu, tai na kofia za kuazima, kalamu za wino, saa ya mkononi, redio, maua ya plastiki, pikipiki aina ya Vespa, na hata motokaa yake mwenyewe aina ya Peugeot 203. Kuna watu watakaocheka na kusema kwamba huo ni uongo, mtu kupigwa picha kando ya redio isiyo yake. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kijana aliyeshika kalamu asiyoweza kuinunua hakuwa akimdanganya mama yake kijijini. Alikuwa akimwonyesha anakotaka kufika. Na katika miaka ile, mbele ya utawala uliompa mwenyeji picha moja tu, ile ya kitambulisho, kutazama mbele na kunyoosha shingo, haikuwa jambo dogo kwa mtu kuchagua mwenyewe atakavyokaa na atakachoshika.

Sasa itazamwe kazi yenyewe, maana hapa ndipo penye elimu.

Keïta alipiga picha zake nyingi uani, kwa nuru ya mchana, wala hakuhitaji taa za gharama. Nyuma ya mteja alitundika kitambaa. Cha kwanza kilikuwa shuka lake la kitandani, lenye matamvua pembeni. Kila baada ya miaka miwili au mitatu alibadilisha kitambaa, na baadaye, alipoulizwa picha fulani ni ya lini, alitazama kitambaa akajua. Vitambaa hivyo vilijaa maua na majani. Mtu asiyejua ufundi angesema vinachanganya macho, hasa mwanamke anapovaa gauni ambalo nalo lina maua. Lakini kila aliyewahi kumpiga picha mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe anaijua taabu yake. Ukiipimia kamera nuru ya kanzu, uso unapotea. Ukiipimia nuru ya uso, kanzu inakuwa doa jeupe lisilo mshono wala mkunjo. Kitambaa chenye maua hukaa katikati, si cheupe wala si cheusi, na uso unapata mahali pa kusimama. Kama Keïta aliwaza hivyo kwa maneno hayo au aliona tu kwa jicho la seremala, matokeo ni yale yale: ngozi ya watu wake inang'aa, na makovu ya urembo mashavuni, hereni na shanga huhesabika moja moja.

Jambo la pili ni mkao. Keïta alisema kwamba kupiga picha ni rahisi, na kilichomtofautisha na wengine ni kujua mkao umfaao kila mtu. Alikipinda kichwa kidogo, akautoa uso katika ile hali ya mbele kabisa kama wa mfungwa, akautandaza mkia wa gauni mpaka ukajaza picha. Mikono aliishughulikia sana, kwa kuwa vidole virefu vyenye pete vilikuwa ndiyo heshima ya mwanamke wa Bamako. Baada ya hapo alibonyeza mara moja. Si mara tatu wala mara kumi: mara moja, kwa sababu filamu ni fedha.

Na kamera yake kubwa ilitoa negativu ya sentimita 13 kwa 18, ambayo aliilaza juu ya karatasi ikachapwa kwa ukubwa ule ule. Maana yake ni kwamba hapakuwa na nafasi kubwa ya kukata pembeni au kuvuta karibu baada ya tendo. Kilichopaswa kuondolewa kiliondolewa kabla: kiti kilisogezwa, mtoto aliyechungulia akaitwa kando, kitambaa kikanyoshwa. Siku hizi, mtu apigapo picha arobaini za mtoto mmoja kwa simu na kuzifuta thelathini na tisa, kazi ya kuchagua imehamia nyuma ya tendo, na wengi hawaifanyi kamwe. Wanaziweka zote arobaini.

Mwaka 1960 Mali ilipata uhuru chini ya Rais Modibo Keïta. Mwaka 1962 serikali ilimtaka Seydou Keïta awe mpiga picha wake, na muda mfupi baadaye studio ya Bamako-Coura ikafungwa. Alipiga mikutano na wageni wa taifa hadi alipostaafu mwaka 1977. Picha za rangi zilipoenea hakuzipenda. Akageukia ufundi wa pikipiki.

Lakini mji haukuacha kupigwa picha. Katika mtaa wa Bagadadji alikuwapo mtu mwingine, Malick Sidibé, mzaliwa wa kijiji cha Soloba kusini mwa nchi. Yeye alipelekwa shule, akajulikana kwa kuchora, na Mfaransa mwenye duka la picha aliyemwajiri apambe duka akaishia kumfundisha kazi ya kamera. Keïta alikuwa mtu wa mchana; Sidibé akawa mtu wa usiku. Alikuwa na kamera nyepesi yenye flashi, na vijana wa miaka ya kwanza ya uhuru walikuwa na santuri za twist na vyama vyao vya dansi. Usiku wa Jumamosi alizunguka kwa baiskeli kutoka dansi moja hadi nyingine, akarudi studio, akasafisha filamu mpaka karibu na alfajiri.

Nuru ya flashi ni nuru isiyo na adabu. Hutoka mbele, huchapa kivuli ukutani, hukamata jasho na vumbi la viatu. Mtu angetegemea picha za namna hiyo ziwe za kupayuka. Basi na itazamwe ile ya mkesha wa Krismasi wa mwaka 1963, inayojulikana duniani kote: kijana aliyevaa suti nyepesi na msichana aliyevaa gauni, wanacheza uani usiku, vichwa vyao vimeinama na kukaribiana, na msichana hana viatu. Ni ndugu, kaka akimfundisha dada kucheza. Flashi imewatenga na giza lote, haikubakisha kitu ila wao wawili na sakafu. Sidibé hakusema nao wala hakuwapanga. Alisubiri tu mpaka vichwa vikakutana, na kusubiri huko nako ni kazi.

Studioni kwake, kinyume chake, alisema sana. Alipenda watu waonekane hai, akawatania, akawasogeza mabega. Walimjia na pikipiki, na kondoo, na familia nzima juu ya chombo kimoja.

Kuchagua kwake kulifanyika hadharani. Picha ndogo za usiku wa dansi alizibandika juu ya makaratasi magumu, zenye namba na tarehe, akazitundika nje ya studio mwanzoni mwa juma. Vijana walifika kujitafuta. Wengine waliagiza nakala, wengine walitazama tu na kuchekana, wakaenda zao pasipo kulipa hata faranga moja.

Mwaka 1968, tarehe 19 Novemba, jeshi likiongozwa na Luteni Moussa Traoré lilichukua madaraka. Dansi za usiku zilipungua, na Sidibé alikaa zaidi studioni na kutengeneza kamera za watu.

Kilichofuata ni kisa cha ajabu, na wenye picha za zamani majumbani wakiangalie. Mwaka 1991 maonyesho ya sanaa ya Afrika yalifanyika New York, na baadhi ya picha za Keïta zilitundikwa humo zikiwa na maelezo kwamba mpiga picha hajulikani. Mtu alikuwa hai, anatengeneza pikipiki Bamako, na jina lake lilikuwa limepotea njiani. Mfaransa André Magnin alisafiri kumtafuta, akampata, na mwaka 1994 Keïta alifanyiwa maonyesho yake peke yake mjini Paris. Mwaka huo huo Bamako ilianzisha maonyesho ya picha za Afrika ya kila miaka miwili, ambayo yalisimama kwa sababu ya vita mwaka 2013, yakarejea 2015. Keïta alifariki mwaka 2001. Sidibé alipewa Simba wa Dhahabu wa Venice mwaka 2007, akafariki 2016.

Huko Ulaya picha za Keïta hazikubaki na sentimita 13 kwa 18. Zilichapwa upya kwa ukubwa wa mlango, nyeusi ikawa nyeusi kama makaa, nyeupe ikawa kali. Mwenyewe alipoziona mara ya kwanza alifurahi, kwani zilikuwa safi, hazina doa, na akaiona kazi yake kuwa njema. Hakuna wa kumnyima furaha hiyo. Hata hivyo mwaka 2016, katika jumba la Grand Palais la Paris, zile nakala ndogo za miaka ya 1950 zilionyeshwa pia pamoja na kubwa, na tofauti ikawa wazi. Ndogo zina weusi wa kahawia, ulaini wa mchana wa uani. Katika baadhi yake vito na kucha vimepakwa rangi kwa mkono, kama mwenye picha alivyotaka. Zilichapwa zishikwe kiganjani, zitiwe katika bahasha, ziwekwe sandukuni kati ya nguo. Ile kubwa ni ya mgeni anayepita ukumbini. Kwa negativu moja, ukali wa weusi na ukubwa wa karatasi vimetoa hali mbili za moyo, na ni haki kusema kwamba ile ndogo ndiyo iliyo karibu na mtu aliyelipa.

Waliolipa ndio hasa waliopotea katika safari hiyo. Jina la mpiga picha lilirudishwa. Majina ya wengi waliokaa mbele ya shuka lenye matamvua hayakurudi. Yule mama aliyeegemea mto wake, yule bwana mwenye miwani aliyeshika ua moja mkononi, wametundikwa katika majumba makubwa ya sanaa na chini yao pameandikwa mwaka tu. Nyuma ya picha palikuwa na nafasi ya kutosha, kando ya mhuri, lakini nyumbani hakuna aliyeona haja ya kuandika, kwa kuwa kila mtu alimjua.